Buti Zisizo na Chumvi

Kabla hata hawajaufikia mlango, Sajini alikuwa ameshaziba pua kwa leso. Inspekta, mwanamke wa makamo, alipita bila kukunja uso. Homa aliyougua miaka mitatu iliyopita iliondoka na uwezo wake wote wa kunusa, na tangu hapo alikuwa akiingia mahali ambapo wenzake hubaki nje wakikohoa. Kituoni walimtania kwamba pua yake imestaafu kabla yake.

"Afande, humu kuna kitu kimeoza," Sajini alisema kupitia leso.

"Ni buti," sauti ya mama ilijibu kutoka ndani. "Mpira ukilala na maji ya bahari bila kusuuzwa, ndivyo unavyonuka. Ingieni tu, haziumi."

Ilikuwa saa saba mchana. Mwalimu wa shule ya kuzamia, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, alikuwa hajaonekana tangu jana saa tatu asubuhi. Gari lake lilikutwa ufukweni, nguo zimekunjwa vizuri kwenye kiti cha nyuma, vifaa vyake vya kuzamia havipo. Jana wazamiaji kumi na wawili wa shule ile walipekua bahari mpaka giza likawafukuza. Leo kazi ilikuwa mikononi mwa boti za bandari, na redio ya Sajini ilikuwa ikirudia neno lile lile kila nusu saa: hakuna.

Inspekta alikuwa na uzi mmoja tu, nao ulikuwa umekatika dakika ishirini zilizopita. Mtalaka wa mwalimu, aliyegombana naye hadharani wiki iliyopita, alikuwa amewekwa ndani tangu alfajiri. Ikapigwa simu kutoka hospitali. Jana kuanzia saa mbili hadi saa saba mtu huyo alikuwa amelala kwa daktari wa meno, taya limetiwa ganzi, na wauguzi watatu walimwona. Inspekta aliamuru aachiwe, akapanda gari, akarudi shuleni kuanza upya, kama mtu aliyepoteza ufunguo anavyorudi kupekua mfuko ule ule.

Chumba cha vifaa kilikuwa kirefu na chembamba, madirisha wazi pande zote mbili, feni mbili zikipuliza sakafuni. Ukutani vilipangwa vigingi vya mbao, na juu ya kila jozi ya vigingi palikuwa na jozi ya buti za kuzamia, zile nyeusi za mpira laini kama sponji, zimetundikwa soli juu, midomo chini. Katikati yake alisimama mtunza vifaa, mama wa miaka sitini na ushei, akichomoa gazeti lililolowa ndani ya buti na kulijaza jingine kavu.

Yeye ndiye mama mzazi wa aliyepotea.

"Mama, ungepumzika," Inspekta alimwambia.

"Nikikaa nitaanguka, mwanangu. Niache nifanye kazi." Mikono yake haikusimama. "Hawa wote jana walitoka majini usiku, wakavua, wakatupa buti chini kama takataka. Siwalaumu. Walikuwa wanamtafuta mtoto wangu. Lakini buti ikilala na unyevu, kesho haivaliki. Na kesho watazihitaji."

Inspekta aliuliza alichojua kuuliza. "Huwa unazifanyaje?"

"Kwa kawaida? Nasuuza kwa maji ya bomba, ndani na nje. Naloweka nusu saa kwenye maji yenye siki kidogo, ndiyo inayoua harufu. Nafungua zipu mpaka mwisho, nageuza ndani nje, natundika kivulini penye upepo. Pakibaki ubichi kwenye vidole, najaza gazeti, nabadilisha kila linapolowa. Juani hapana kabisa. Jua linaukakamaza mpira, gundi inaachia, soli inafumuka." Alitupa gazeti kwenye ndoo. "Leo nimeanzia kwenye gazeti, maana maji sina. Bomba limekauka tangu juzi jioni. Mtaa mzima."

Inspekta aligeuka. "Kwa hiyo buti hizi hazijasuuzwa?"

"Hata moja. Si unaziona zilivyo?"

Aliziona. Alitembea polepole kando ya ukuta. Buti ya kwanza ilikuwa na michirizi myeupe kuzunguka kifundo, chumvi iliyoganda kama unga wa ngano. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu, meno ya zipu yalikuwa yamefungwa na chumvi kama yamepigwa lipu. Akahesabu jozi kumi na moja, zote nyeupe pembeni.

Ya kumi na mbili ilitundikwa peke yake mwisho wa safu. Ilikuwa na zipu nyekundu. Kifundoni ilikuwa nyeusi tii, na weupe wake ulikuwa ndani tu, laini, umeganda kama uji kwenye mishono.

"Hii ni nini, Mama?"

"Poda!" Mama alisema kwa hasira. "Poda ya watoto! Miaka kumi na minne niko kwenye chumba hiki, nimeshasema mpaka ulimi umeota sugu: ukitia poda kwenye buti mbichi unatengeneza uji, na uji unachacha, na unanuka mara mbili. Na si hilo tu. Asubuhi nimezikuta juu ya bati la kibanda cha mashine ya hewa, zimeanikwa jua kali. Nikazishusha. Nikasema moyoni, huyu naye amechanganyikiwa kwa majonzi."

"Nani?"

"Shemeji yangu. Kocha."

Kocha alikuwa mdogo wa marehemu mume wa mama huyo, na ndiye mwenye shule. Ndiye pia aliyeongoza msako wa baharini tangu jana.

Inspekta alipitisha kidole kwenye buti ya jirani, akakigusisha ulimini. Chumvi ilimchoma. Alitema kwenye leso, akafanya vile vile kwenye kifundo cha buti yenye zipu nyekundu. Hakuonja kitu. Alipitisha tena, kwenye zipu, kwenye kamba, chini ya soli. Sajini alimtazama kama mtu anayemtazama mkubwa wake akilamba viatu, maana ndicho alichokuwa akifanya.

"Lete hilo gazeti uliloling'oa ndani yake," Inspekta alisema.

Mama aliinama kwenye ndoo. Magazeti mengine yalikuwa ya kijivu. Lile lilikuwa na madoa mekundu ya kahawia, kama limepanguswa kwenye geti la zamani.

"Mama, nina shida moja. Mimi sinusi. Sajini ananusa, lakini hajui buti. Nakuomba uwe pua yangu. Nusa ndani, chini ya poda, uniambie."

Mama aliishusha jozi ile kigingini, akafungua zipu, akaingiza uso ndani ya buti ya mguu wa kulia. Alivuta pumzi mara moja. Akavuta tena, kwa muda mrefu zaidi.

"Poda," alisema. "Mguu wake, naujua. Halafu kutu. Halafu... grisi ya zamani. Ile inayokaa chini ya maji yasiyotembea."

"Bahari?"

"Hapana bahari humu."

Aliitoa buti usoni, akaitazama kama imemtukana. Kisha taratibu akakaa kwenye benchi, yeye aliyekataa kukaa.

"Harufu hii nimeifua miaka sita," alisema. "Marehemu mume wangu, kabla hawajaanzisha shule na mdogo wake, walikuwa wakizamia kwenye matangi ya viwanda. Kuzibua, kufungua koki. Alikuwa akirudi nyumbani ananuka hivi hivi." Alimshika Inspekta mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi kwa sababu ya magazeti yale. "Mwanangu hayuko baharini. Siku nzima na nusu wanapekua bahari, na mwanangu hayumo!"

"Mama, nisikilize. Usiseme neno. Nipe dakika kumi na huyo shemeji yako."

"Kumi?"

"Pungufu ya hapo nikiweza."

Kocha alikuwa ofisini, amesimama mbele ya ramani ya pwani iliyotandazwa mezani. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mabega mapana, macho mekundu kama amepuliziwa moshi. Ramani ilikuwa imegawanywa kwa penseli kwa miraba midogo, na kila mraba uliopekuliwa ulichorwa msalaba. Misalaba ilikuwa mingi.

"Wamemaliza upande wa kaskazini," alisema bila kugeuka. "Nimewaambia bandari washuke kusini. Mkondo wa jana ulikuwa unavuta kusini."

"Kaa, Kocha. Nina maswali mafupi, ya kujaza karatasi tu."

Alikaa. Sajini alisimama mlangoni.

"Jana ulizamia mara ngapi?"

"Mara mbili. Kwenye mwamba."

"Ulivaa buti zipi?"

"Zangu. Zenye zipu nyekundu."

"Una nyingine?"

"Sina."

"Ulipotoka ulizisuuza?"

"Kwa maji gani, Inspekta? Bomba halitoi hata tone tangu juzi."

"Kwa hiyo zilitoka baharini, moja kwa moja zikaanikwa."

"Ndiyo."

Inspekta alimwashiria Sajini, naye akaleta buti mbili zilizokuwa nyuma ya mlango. Moja ilikuwa na michirizi ya chumvi. Nyingine ilikuwa na zipu nyekundu. Inspekta aliziweka juu ya ramani, kando kwa kando.

"Zote zimetoka bahari ile ile, siku ile ile, na hakuna iliyoguswa na maji ya bomba. Pitisha kidole kwenye hii, uonje. Kisha pitisha kwenye yako."

Kocha hakuinua mkono.

"Buti hunuka," alisema. "Nilitia poda. Pengine poda imekula chumvi."

"Jozi kumi na mbili zinanuka. Iliyotiwa poda ni moja, na iliyopandishwa juu ya bati juani ni moja. Wewe ndiye unayewafundisha watu wasianike juani. Imeandikwa ukutani kwa mkono wako."

Kocha alisogeza kiti nyuma.

"Sawa," Kocha alisema hatimaye. "Sikuzamia jana. Nilikaa kwenye boti. Miguu ilinikatika. Niliona aibu kusema, mbele ya shemeji yangu, kwamba watoto wa watu wameingia majini na mimi nimekaa."

"Aibu naielewa. Basi maji haya yametoka wapi?"

Inspekta aliishika buti ya zipu nyekundu kwa mikono miwili, akaikamua pale kwenye vidole, ambapo hata jua halifiki. Tone lilijikusanya, likaning'inia, likaanguka juu ya ramani. Likaja la pili na la tatu. Maji yalikuwa mekundu ya kahawia, na yalitanda polepole juu ya misalaba ya penseli.

"Maji yasiyo na chumvi," Inspekta alisema. "Yenye kutu na grisi, na yenye kina cha kumfanya mtu avae buti. Tangi la wapi, Kocha?"

Kocha alitazama doa.

"Saa ishirini na nane na nusu," Inspekta alisema. "Kila dakika unayokaa kimya naihesabu."

Inspekta alikuwa ameshahoji watu wengi, na alikijua kimya cha mtu anayetafuta uongo mwingine. Hiki hakikuwa hicho. Huyu aliyekuwa mbele yake alikuwa ameshaufunga mlango na kuumeza ufunguo. Angeweza kukaa hivi mpaka kesho.

Mlango ulifunguka. Mama aliingia. Hakuwa amengoja dakika kumi.

"Shemeji," alisema.

Kocha aliinamisha kichwa.

"Shemeji, nitazame. Sikuulizi kosa. Kosa utaulizwa na wenye kazi yao. Mimi nakuuliza mahali."

"Amekufa, shemeji," Kocha alisema, na sauti ikamvunjikia katikati. "Amekufa tangu jana."

"Sikukuuliza hilo pia. Mahali."

Mtu yule mkubwa akajikunja juu ya meza kama gunia lililomwagwa mchanga.

"Kiwanda cha nguo," alisema. "Kile kilichofungwa."

Yaliyobaki yalimtoka kwa mkupuo mmoja. Mtu aliyekichukua kiwanda alitaka koki kubwa ya tangi la chini ya ardhi ifunguliwe kimyakimya. Miaka miwili nyuma mwanafunzi mmoja alivunjika mgongo kwenye tangi jingine chini ya usimamizi wake Kocha, na serikali ilimpiga marufuku kazi hizo. Safari hii ikijulikana, shule ingefungwa. Mwalimu alikubali kwenda kwa sababu baba yake mdogo alimwomba, na kwa sababu yeye ni mwembamba. Tangi lilikuwa na vyumba viwili vya maji vilivyotengwa kwa ukuta, na chini ya ukuta palikuwa na tundu dogo. Koki ilikuwa upande wa pili. Yeye alipita, Kocha akabaki juu na kamba.

"Nikasikia kishindo. Kamba ikalegea. Nikavaa, nikaingia. Ukuta ulikuwa umeshuka kwenye tundu, matofali matupu. Maji yalikuwa kama chai, sioni mkono wangu. Nikachimba kwa vidole mpaka hewa ikaisha."

"Uligonga?" Inspekta aliuliza.

"Nini?"

"Ulichukua tofali ukagonga ukuta, ukasikiliza kama anakujibu?"

Kocha alitikisa kichwa.

"Kisha?"

"Nikatoka. Nikafunga mfuniko. Nikapeleka gari lake ufukweni."

"Chupa yake ilikuwa na hewa ya muda gani?"

"Saa moja. Akitulia, saa moja na robo."

Sajini alitazama sakafu. Mama hakulia. Alimgeukia Inspekta, akasema, "Twendeni," kana kwamba hakusikia hesabu yoyote.

Njiani Inspekta alikuwa kwenye simu muda wote. Wazamiaji wa bandari walikuwa mbali baharini; kuwaita, kuwabeba na kuwafikisha kiwandani kungechukua saa moja na nusu, na hata wakifika wangekuta matofali yale yale. Alikata simu, akamwambia Sajini asimamishe gari mbele ya watu waliokuwa wakichimba barabara.

"Nahitaji hiyo mashine ya kutobolea zege," aliwaambia, "na wanaojua kuishika."

Msimamizi wao alianza kudai barua ya ruhusa. Mama alishusha kioo cha dirisha la nyuma. "Baba, mtoto wangu yuko chini ya zege," alisema. Vibarua wawili walikuwa wameshaipakia mashine kwenye lori lao kabla msimamizi hajafunga mdomo.

Getini mwa kiwanda walimkuta fundi wa pampu, mzee aliyebakizwa kulinda baada ya wenzake wote kupunguzwa. Jana alikuwa amepewa ruhusa ya ghafla akae nyumbani, akaifurahia bila kuuliza. Inspekta alimweleza kwa sentensi tatu. Mzee alivua kofia.

"Chumba cha pili?" aliuliza. "Una hakika ni cha pili?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kile hakijai. Kina ufa juu tangu zamani. Maji yakifika hapa," akajigusa kifuani, "yanavuja yote. Miaka ishirini nimekilalamikia, hakuna aliyenisikia. Na ndani kuna ngazi ya chuma."

Inspekta alimgeukia Kocha, aliyekuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la pili, pingu mikononi. Kocha alikuwa amesikia.

"Mfuniko wa chumba hicho uko wapi?" Inspekta alimuuliza fundi.

"Ndio balaa. Walipogeuza ukumbi kuwa ghala walimwaga zege juu yake. Lakini napajua. Nguzo ya tatu, hatua saba kuelekea dirishani."

Alihesabu hatua zake, akachora duara kwa mkaa. Mashine ikaanza kunguruma. Vumbi lilipanda mpaka watu wakawa vivuli. Vibarua walipokezana, jasho likiwachora mistari mgongoni. Zege lilikuwa nene kuliko walivyodhani; dakika arobaini zilipita ndipo ncha ya chuma ikazama ghafla, na kila mtu akaruka mbele.

Ilizama kwenye udongo.

Kibarua alichota kwa mkono, akaonyesha. Ulikuwa udongo mkavu, na mawe.

"Haiwezekani," fundi alisema. "Haiwezekani. Nguzo ya tatu. Nguzo ya tatu!"

"Mzee, fikiri," Inspekta alimwambia.

"Ninafikiri, mama! Nimefanya kazi hapa tangu nina nywele!"

Alizunguka duara lake kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Sajini alitazama saa, akaificha chini ya mkono wa shati ili Mama asimwone akitazama. Mama alikuwa amepiga magoti pembeni ya ghala, viganja viwili sakafuni, akiongea na zege kwa sauti ndogo. Alikuwa akiita jina la mwanawe la utotoni.

Inspekta aliacha kuwatazama watu, akatazama jengo. Nguzo ya kwanza na ya pili zilikuwa na kona kali, na rangi yake haikuwa imepasuka. Kuanzia ya tatu, nguzo zilikuwa za mviringo, na rangi ilikuwa ikibanduka kwa tabaka tatu.

"Fundi, ghala hili lilirefushwa?"

Mzee alisimama. "Walisogeza mlango mbele. Baada ya..." Akajipiga paji la uso. "Waliongeza nguzo mbili! Ya tatu yangu ni ya tano sasa! Ya tano!"

Alikimbia, mzee yule, akihesabu kwa sauti. Safari hii Inspekta hakungoja mkaa. Alichukua nyundo ya kibarua, akaamuru mashine izimwe na kila mtu anyamaze, akapiga sakafu mara tatu kwa nguvu zake zote.

Hakuna.

Akapiga tena mara tatu.

Mama aliweka sikio chini. Wote walimtazama yeye, si sakafu. Alikaa hivyo muda ambao Sajini baadaye aliapa kuwa ulikuwa nusu saa, na Inspekta aliandika kuwa ni dakika moja. Kisha Mama akainua kidole. Akainua cha pili. Halafu cha tatu.

"Anajibu," alisema. "Washeni hilo dude."

Saa kumi na nusu mfuniko wa chuma ulionekana, umeliwa na kutu. Waliung'oa kwa nondo. Mwanga ulishuka kwenye maji ya rangi ya chai, na kwenye ngazi alikuwa mtu, amejifunga kwenye vyuma kwa mkanda wake wa kuzamia, ule wa vipande vizito vya risasi, ili asinzie bila kuzama, uso umevimba, midomo myeupe. Kibarua mwembamba alishuka na kamba. Ilibidi amfumbue vidole kimoja kimoja, maana vilikuwa vimesahau kuachia.

Walimlaza juu ya makoti yao. Gari la wagonjwa lilikuwa getini. Inspekta alipiga goti, akainamisha sikio, kwa kuwa kazi yake ni kusikia neno la kwanza.

"Baba mdogo..." mwalimu alinong'ona.

"Amefanya nini?"

"Ameumia? Ukuta ulianguka upande wake." Alimeza mate kwa shida. "Nilimwita sana. Nikajua amekwenda kuita watu. Nikajiambia, atachelewa, lakini atarudi." Macho yake yalimtafuta mama yake. "Mama, muulize kama hakuumia."

Inspekta alitazama pembeni. Alitoa daftari, akaandika saa, akaandika maneno yale yalivyo. Alipoinua kichwa, Mama alikuwa ameshasimama, anatembea kuelekea gari la pili. Sajini aliweka mkono kumzuia. Inspekta alimkatalia kwa kichwa.

Kocha alimwona akija. Alibandika paji la uso kwenye kioo, pumzi yake ikikitia ukungu.

"Yuko hai?" aliuliza. "Shemeji, yuko hai?"

Mama alifungua mlango wa gari. Alisimama hapo, vumbi la zege limemjaa kwenye nyusi, na alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ya upole, kama mtu aliyetumwa na mgonjwa.

"Mwanao anakusalimu," alisema. "Anauliza kama hukuumia. Nimjibu nini?"